Moshi Mweusi wa HiAce Kuukuu

Moshi unaotoka kwenye ekzosi ya gari la petroli humpa fundi habari za ndani ya injini kabla hajafungua hata nati moja: ule wa buluu huonyesha kwamba oili inapenya silindani na kuungua, ule mweupe mzito usiokatika hata injini ikishapata moto huonyesha kwamba maji ya kupoozea yanavuja humo, na ule mweusi huwa ni masizi ya petroli iliyokosa hewa ya kuunguzia. Moshi huo mweusi ndio dalili ya maradhi yanayozipata Toyota HiAce za petroli za kizazi kilichoanza kutolewa mwaka 1989, ambazo miji ya Afrika Mashariki imezizoea kama daladala na matatu, na maradhi yenyewe ni injini kulishwa mafuta kuliko inavyoweza kuunguza.

Ili petroli iungue yote pasipo kubaki mafuta wala hewa, kila kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa, na kwa hesabu hiyo lita moja tu ya petroli humaliza karibu lita 9,000 za hewa. Uwiano huo ukishuka mno, sehemu ya kaboni hugeuka masizi, na sehemu nyingine hugeuka kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kumuua mtu katika gereji iliyofungwa milango. Petroli isiyoungua nayo huosha utando wa oili unaozilinda kuta za silinda, kisha huteremka na kuchanganyika na oili yenyewe hadi ikawa nyepesi, na kwa sababu hiyo kijiti cha oili kinachonuka petroli ni dalili ya kuogopwa kuliko hata ulaji wa mafuta ambao dereva huanza kuulalamikia.

HiAce zenye injini ya 1RZ, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,998, zilitumia kabureta, kifaa ambacho hewa inayopita kwa kasi kwenye koo lake jembamba hufyonza petroli kupitia vitundu viitwavyo jeti. Hapa visababishi ni vya kushikika kwa mkono: choki iliyokwama ikiwa imefungwa, boya lililotoboka na kuzama, sindano iliyolika, au kichujio cha hewa kilichozibwa na vumbi. Lipo pia jambo lisilo kosa la kifaa chochote, nalo ni mwinuko wa nchi, kwa maana kabureta iliyorekebishwa vizuri Mombasa ikipandishwa hadi Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hukutana na hewa iliyo nyepesi kwa karibu asilimia 15, wakati jeti zake hazipunguzi petroli kwa kadiri ileile.

Katika injini ya 2RZ-E, yenye sentimita za ujazo 2,438, kazi ya kupima petroli hufanywa na kompyuta inayoamua kila injekta ibaki wazi kwa muda gani, nayo huamua kwa kuziamini sensa. Sensa ya joto la maji ni mfano ulio wazi, kwani ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri maji yanavyopata joto, kutoka omu elfu mbili au tatu hivi kwenye nyuzi 20 za Selsiasi hadi takriban 300 kwenye nyuzi 80. Kutu kwenye kiunganishi cha waya wake huongeza ukinzani, kompyuta ikadhani injini bado ni baridi, ikazidi kuongeza petroli kama inavyotakiwa kufanya alfajiri. Matokeo hayo hayo huletwa na desturi ya baadhi ya mafundi ya kung'oa themostati, vali inayozuia maji yasifike kwenye rejeta mpaka yapate moto, ili gari lisichemke. Sensa hapo husema kweli, lakini injini yenyewe haifikii joto lake, na mwenye gari huendelea kulipia petroli ya kuwashia injini baridi mchana kutwa. Desturi hiyo yafaa ikomeshwe.

Sensa ya oksijeni, iliyoundwa na Bosch na kufungwa kwanza kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, hukaa kwenye ekzosi na kutoa karibu volti 0.9 petroli inapozidi na karibu 0.1 hewa inapozidi. Kwa gari lililo nayo, usomaji huu hugawa uchunguzi mara mbili. Moshi ukiwa mweusi na volti zikabaki juu, sensa inasema kweli na mafuta yanaingia bila kudhibitiwa, pengine kwa injekta inayovuja. Lakini moshi ukiwa mweusi na volti zikabaki chini, huenda sensa imekufa, au ekzosi ina ufa unaoingiza hewa ya nje, au plagi moja haichomi na oksijeni ya silinda hiyo inapita bila kutumika. Kompyuta hudhani mafuta ni haba na kuyaongeza. Plagi zenyewe hutoa ushahidi usiopotoshwa na umeme, maana hutoka na masizi makavu meusi kama ya chungu cha kuni.

Kompyuta za Toyota za miaka hiyo husomwa kwa kuunganisha matundu ya TE1 na E1 ya kiunganishi cha uchunguzi kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, kisha kuhesabu mimweko ya taa ya injini, ambapo 21 ni sensa ya oksijeni na 22 ni ya joto la maji. Taa isipotoa namba, sensa haijathibitika kuwa nzima, kwa sababu kompyuta hulalamikia waya uliokatika na haiutambui uongo unaofanana na ukweli; hapo mita ya umeme ndiyo itumike kabla ya kununua kifaa chochote. Mpira mwembamba wa rejeleta ya shinikizo la mafuta nao uchomolewe, kwani ukikutwa na petroli ndani, kiwambo cha rejeleta kimepasuka. Baada ya matengenezo oili ibadilishwe, la sivyo petroli iliyomo ndani yake itaendelea kuvukizwa na joto na kuvutwa tena silindani kupitia bomba la kupumulia la injini, na moshi utaonekana siku kadhaa baada ya kasoro yenyewe kuondolewa.