Bunduki Mikononi mwa Raia: Mjadala Ulioanzia Msikitini

 

Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, yapata saa 7:40 mchana, waumini wa Msikiti wa Al Noor katika mji wa Christchurch, New Zealand, walikuwa wameketi wakisikiliza hotuba. Mtu mmoja akaingia na kuwamiminia risasi. Alipotoka hapo aliendesha gari hadi kituo cha Kiislamu cha Linwood, akaendelea kuua. Waliofariki ni 51, wakiwamo 44 wa Al Noor na 7 wa Linwood. Walikuwamo wazee, wanawake, na mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa katika familia ya Kisomali. Aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo, Jacinda Ardern, aliapa kutolitaja jina la muuaji, nasi hatutalitaja.

Juu ya chuki iliyomsukuma mtu yule yameandikwa mengi. Leo tunapenda kulitazama jambo ambalo huzungumzwa kwa uchache zaidi katika misikiti yetu, nalo ni chuma chenyewe. Aliipataje bunduki? Jibu linaumiza, kwa kuwa aliipata kwa leseni, kwa njia iliyo halali.

Mtu huyo, raia wa Australia, alihamia New Zealand mwaka 2017, na mwezi Novemba mwaka huohuo polisi walimpa leseni. Sheria ilitaka wadhamini wawili wanaomfahamu vyema. Mmoja alikuwa rafiki aliyemjua kwa kucheza naye michezo ya kompyuta kupitia intaneti, na wa pili alikuwa mzazi wa rafiki huyohuyo. Tume ya Kifalme iliyochunguza mauaji hayo, ambayo ripoti yake ilitolewa mwezi Desemba 2020, ilikuta kwamba polisi hawakutimiza viwango vilivyotakiwa katika kuishughulikia leseni hiyo. Palikuwa na tundu jingine katika sheria. Bunduki ya kujijaza yenyewe ikiuzwa na magazini ndogo ilihesabiwa kuwa ya kawaida. Magazini kubwa za risasi nyingi ziliuzwa kwa yeyote bila kuulizwa leseni. Alichofanya ni kuviunganisha viwili hivi.

Wala haikuwa nchi isiyoonywa. Sheria yake ya mwaka 1983 iliacha kuziandikisha bunduki za kawaida moja moja, ikatosheka na kumpa mtu leseni, na tangu hapo serikali haikujua ni bunduki ngapi zimo mikononi mwa nani. Mwaka 1990 mtu mmoja aliwaua watu 13 katika kijiji cha Aramoana, na sheria ikakazwa kidogo mwaka 1992. Mwaka 1997 Jaji Thomas Thorp aliandika ripoti iliyoshauri kila silaha iandikishwe. Ripoti ikawekwa kabatini. Majirani zao wa Australia, walipouliwa watu 35 huko Port Arthur mwezi Aprili 1996, walipiga marufuku bunduki nyingi za kujijaza zenyewe na serikali ikanunua zaidi ya bunduki 600,000 kutoka kwa wananchi. New Zealand ilisubiri hadi damu ilipomwagika katika nyumba ya Mwenyezi Mungu.

Baada ya hapo haikukawia. Tarehe 10 Aprili 2019, kabla hata mwezi haujatimia, Bunge lilipitisha marufuku ya bunduki nyingi za namna ile kwa kura 119 dhidi ya 1. Hadi mwezi Desemba mwaka huo wananchi walikuwa wamesalimisha bunduki zaidi ya 50,000 na kulipwa fidia. Sheria nyingine ya mwaka 2020 ilitamka wazi kuwa kumiliki silaha ni fursa mtu anayopewa, wala si haki aliyozaliwa nayo.

Hoja za wenye bunduki

Katika nchi ile watu takriban robo milioni wana leseni, na wengi wao ni wakulima na wawindaji wa paa. Walisema: kwa nini sisi tulioishi kwa amani tuadhibiwe kwa kosa la muuaji mmoja? Muislamu hawezi kuidharau hoja hii. Qur'ani Tukufu, katika Suratul An'am aya ya 164, inatufundisha kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine.

Hata hivyo, kumwondolea mtu kitu na kumlipa thamani yake kwa ajili ya usalama wa wote si kumtwisha dhambi ya mwenzake. Wanazuoni wetu wana mlango mzima wa kuziba njia zinazoelekea kwenye maovu, na msingi wao ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba mtu asidhuru wala wasidhuriane. Mkulima anayehitaji bunduki ya kufukuza wanyama waharibifu bado anayo. Alichonyimwa ni ile ya kufyatua risasi makumi bila kupumzika, na tunakiri kwamba hatujaona ni paa gani anayehitaji risasi zote hizo.

Huko Marekani mjadala una sura nyingine, kwa kuwa haki ya kubeba silaha imo ndani ya katiba yao tangu mwaka 1791. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilihukumu kuwa ni haki ya mtu binafsi kuwa na silaha nyumbani kwa kujilinda, na mwaka 2022 ikaitandaza hadi barabarani. Wapo Waislamu wa huko waliokwisha kununua bastola na kwenda nazo msikitini. Hoja yao si ya kipuuzi. Desemba 2019, katika kanisa moja la Texas, mtu aliwaua waumini wawili, na muumini mwenye bastola akamuua yeye katika muda wa sekunde chache tu.

Dini inasemaje?

Uislamu haukuharamisha silaha. Aya ya 102 ya Suratun Nisaa inawaamuru wanaoswali katika hali ya hofu wazichukue silaha zao, na papo hapo inawaruhusu kuziweka chini wanapotaabishwa na mvua au maradhi. Mahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.) siku ya Idi, naye Bibi Aisha (r.a.) akiwatazama.

Lakini tazama adabu iliyowekwa. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kuhusu mtu aliyepita msikitini na mishale, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aishike kwenye vichwa vyake ili asimchubue Muislamu. Amekataza kumwelekezea ndugu silaha, kwani mtu hajui huenda shetani akauponyosha mkono wake naye akatumbukia katika shimo la Moto. Amekataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Na Ibn Umar (r.a.), alipojeruhiwa mguu kwa mkuki siku za Hija, alimlaumu Hajjaj usoni kwa kuingiza silaha siku zisizobebwa silaha, na kuzifikisha hadi Haram.

Kwa maoni yetu, mishale ile ndiyo hoja yote. Mtume (s.a.w.) hakumuuliza yule mtu kama ana nia njema. Mwenye mishale alikuwa mtu mwema, anapita tu, na bado aliwekewa sharti kwa ajili ya ngozi za wengine. Leseni, kabati la chuma lenye kufuli, daftari la polisi, vyote hivi ni kushika mshale kwenye kichwa chake. Ndugu zetu wanaoweka bunduki nyumbani, hata kwa leseni halali, chini ya godoro ambako watoto wanaruka na kucheza, wajiulize wanaishika sehemu gani.

Kuhusu ulinzi wa misikiti, mlinzi aliyefunzwa na anayejulikana na dola ni jambo moja, na kila muumini kuja na bastola kiunoni ni jambo jingine. Pale Linwood mtu asiye na silaha alimkimbilia muuaji akiwa na mashine ya kulipia kwa kadi mkononi, kisha akaokota bunduki tupu aliyoiacha muuaji na kuivurumisha kwenye kioo cha gari lake. Muuaji akakimbia, na muda mfupi baadaye polisi wakamkamata barabarani. Tarehe 27 Agosti 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha bila uwezekano wa kuachiwa, hukumu ya kwanza ya namna hiyo katika nchi ile.

Mjadala haukwisha. Mwaka 2023 serikali mpya iliingia na ahadi ya kuiandika upya sheria ya 1983, na waziri aliyekabidhiwa kazi hiyo, Nicole McKee, aliwahi kuwa msemaji wa umoja wa wenye bunduki. Daftari aliloshauri Jaji Thorp lilifunguliwa mwezi Juni 2023, miaka 26 baada ya ripoti yake, na wenye leseni wamepewa hadi mwaka 2028 kuwa wameandikisha kila bunduki waliyo nayo.