Kompyuta na Mtazamo wa Mwanafunzi kuhusu Tamaduni Nyingine

Swali la athari za teknolojia huzuka kila tunapofunza maudhui ya utamaduni. Hapa Ngaremara, wanafunzi wengi hujibu kwa mkato: kompyuta huharibu mila. Jibu hili halitoshi, kwa kuwa kompyuta ni chombo tu. Anayeitumia ndiye huchagua la kutazama.

Tuchukue mfano wa Siku Njema (1996), riwaya ya Ken Walibora. Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake. Anawajua watu kwa kukutana nao, wema kwa wabaya. Kijana wa leo angeanza kwa kuliandika jina la babake kwenye kompyuta. Angeokoa muda, ila angewakosa watu wa njiani.

Hapo ndipo penye hatari. Kijana wa Kiturkana huweza kukueleza maisha ya London na kutamani kuishi huko, ilhali hajui jirani yake Mborana huoa vipi. Mbali pamempa matumaini. Karibu pamebaki na uvumi, na uvumi huchochea migogoro ya mifugo na malisho.

Hata hivyo, chombo kicho hicho chaweza kutibu. Mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo. Lugha yetu basi ina nafasi humo. Mwalimu awatume wanafunzi wamhoji jirani wa kabila jingine, wachape simulizi yake, waisome darasani. Kisha awaulize tena lile swali la mila.