Doa la Waridi Katika Ramani ya Njombe

Mwalimu wa Makambako afundishaye siasa ya mazingira aweza kufungua mtandaoni, bila malipo, ramani ya Global Forest Watch, iliyoanzishwa mwaka 2014. Madoa ya waridi huonyesha miti iliyotoweka tangu 2001, na tarakimu za namna hiyo hutajwa katika mijadala ya mataifa. Tusiharakishe kulia. Hesabu hiyo, itokanayo na picha za setilaiti, huchukua mimea yote izidiyo mita 5, wala haibagui msitu wa asili na shamba la misindano, au la miwati iliyopandwa Njombe tangu zama za ukoloni. Shamba likivunwa, huandikwa hasara. Likipandwa upya, doa halifutiki. Basi wanafunzi wachague doa moja, waliendee kwa miguu, wakague visiki. Vikiwa vimejipanga mistari, hapo palikuwa shamba.