Mota za viwandani: Ni nani anayelinda joto?

Mota ya umeme inayoungua kiwandani ni nadra kuungua ghafla. Mara nyingi huwa imejipika kwa miezi kadhaa, huku kila anayepita akiiona inazunguka na kuridhika.

Mafundi wana kanuni ya makadirio: joto la koili likizidi kiwango kwa nyuzijoto 10, umri wa kihami, yaani utando unaotenganisha waya na waya, hupungua kwa nusu. Kihami cha daraja F, kilichoenea viwandani, hustahimili nyuzijoto 155. Kikifanyishwa kazi kwenye 165, miaka 20 iliyotarajiwa hugeuka 10.

Tatizo limekuwa kubwa zaidi tangu kuenea kwa inveta, kifaa kinachobadili masafa ya umeme ili mota iende polepole au kwa kasi. Feni ya mota nyingi imefungwa kwenye mhimili wake wenyewe. Mkanda wa kubebea mawe ukipunguzwa mwendo hadi robo, mzigo hubaki uleule na mkondo wa umeme uleule, lakini upepo wa kupoza karibu hautoki. Swichi ya kawaida ya ulinzi, inayotazama mkondo peke yake, haioni kosa lolote.

Inveta yenyewe nayo huhitaji hewa. Watengenezaji wengi hutaka nguvu yake ipunguzwe kwa asilimia 1 kwa kila mita 100 juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa nyepesi hupoza kidogo. Mjini Nairobi, ulio kwenye mita 1,700 hivi, hiyo ni asilimia 7. Inveta iliyotosha Mombasa huenda isitoshe huko.

Kukadiria au kupima

Njia ya kwanza ya kujikinga ni hesabu: inveta hukadiria joto kwa kutumia mkondo, muda na mwendo. Ni njia rahisi, ila ina udhaifu usiosemwa sana. Katika baadhi ya vifaa, umeme ukikatika kumbukumbu hufutika, na mota iliyo moto huhesabiwa kuwa baridi. Fundi anayezima na kuwasha ili kuondoa onyo anaweza kuwa anafuta ushahidi.

Njia ya pili, na kwa maoni yangu iliyo bora, ni themista zilizozikwa ndani ya koili, ambazo ukinzani wake hupanda ghafla joto la hatari linapofikiwa. Waya wake ukikatika, inveta hudhani kuna joto na kusimamisha mota. Hasara ni ya muda tu. Nyaya zikigusana ndipo pana hatari, kwani mota itasomeka baridi daima. Inveta iliyo makini hutambua ukinzani mdogo kupita kiasi na kutoa onyo.

Habari kwenye waya

Taarifa hizo hufika chumba cha uongozi kwa lugha za mitambo kama Modbus, iliyobuniwa Marekani mwaka 1979, au Profibus ya Ujerumani. Waya wake ukilazwa sambamba na ule wa mota, kelele za umeme huvuruga ujumbe.

Waya huohuo hupitisha amri pia. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kililenga inveta za aina mbili zilizounganishwa kwa Profibus, moja ya Finland na nyingine ya Iran, na kubadili masafa yake kwa siri. Ndiyo maana uamuzi wa kusimamisha mota iliyopata joto haufai kungoja kompyuta ya mbali. Themista iunganishwe moja kwa moja na inveta iliyo jirani yake.

Linabaki swali la mawasiliano yakikatika. Inveta nyingi humwachia mhandisi achague: kusimama, au kuendelea na mwendo wa mwisho. Mkanda wa mawe usimame. Feni inayopeleka hewa mgodini iendelee, na king'ora kilie.