Jimbo la Warumi lililozaa jina la bara Afrika

Litajwapo jina Afrika, fikira zetu huenea bara zima, kutoka Cairo hadi Cape Town. Kwa Warumi wa kale, lakini, hilo lilikuwa pia jina rasmi la jimbo moja tu, lililokuwa katika Tunisia ya leo na sehemu za Libya na Algeria.

Jimbo hilo lilizaliwa kwa moto. Mnamo 146 K.K., majeshi ya Roma yaliuteketeza mji wa Carthage na kuwauza manusura utumwani. Utica, mji jirani uliokuwa umejisalimisha mapema, ukafanywa makao makuu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Kaisari Augusto alipeleka walowezi kuujenga Carthage upya, nao ukastawi hata ukahesabiwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya milki hiyo. Ngano ya jimbo, pamoja na ile ya Misri, ndiyo iliyoilisha Roma. Huko Thysdrus, sasa El Jem, utajiri wa mafuta ya zeituni ulijenga uwanja wa maonyesho wa kutosha watu wapatao 35,000. Sehemu yake kubwa ingali wima.

Mzaliwa wa jimbo hilo aliyepanda cheo kuliko wote ni Septimius Severus wa Leptis Magna, Libya. Alizaliwa mwaka wa 145, akawa kaisari mwaka wa 193. Mwandishi mmoja wa kale adai kwamba lafudhi ya kwao haikumtoka hadi uzeeni, na kwamba dada yake alipomzuru Roma, Kilatini chake kibovu kilimtia kaisari haya hata akamrudisha nyumbani. Huenda ni porojo. Ila mji wake hakuutupa: aliupanulia bandari na kuujengea uwanja mpya wa hadhara. Alifariki York, Uingereza, mwaka wa 211.

Chini ya utawala wake, mwaka wa 203, Perpetua, mama aliyekuwa bado akinyonyesha, aliuawa Carthage kwa kukataa kuikana imani ya Kikristo. Maandishi yanayosemekana aliyaandika gerezani yangali yanasomwa. Naye Augustino, aliyezaliwa Thagaste mwaka wa 354, alifariki mwaka wa 430 akiwa askofu wa Hippo, Wavandali wakiwa wameuzingira mji.

Carthage ulianguka mikononi mwa Wavandali mwaka wa 439. Waarabu walioutwaa mwaka wa 698 waliiita nchi hiyo Ifriqiya. Pwani yetu ya mashariki, wakati wa Warumi, mabaharia wa Kigiriki waliiita Azania.