Maneno ya Kupiga: Maana na Matumizi ya Neno "Fustigate"

Chukueni madaftari na kalamu, tuanze somo letu la Kiingereza.

Juma hili tumepata barua ya mzee mmoja anayehudhuria darasa la jioni. Asema mwanawe wa miaka 11 alirudi kutoka shule na alama tatu za fimbo mgongoni. Mzee amekusudia kumwandikia mwalimu mkuu, na kwa kuwa barua za shule hiyo huandikwa kwa Kiingereza, akapekua kamusi kubwa kutafuta neno zito. Akakuta neno fustigate. Atuuliza: je, neno hili lafaa?

Swali lake ni jema, na jibu lake litawafaa wengi. Kwanza tulitamke: fasti-geit, mkazo ukiwa mwanzoni. Hiki ni kitendo. Jina lake ni fustigation, nalo hutamkwa fasti-geishen, mkazo ukiwa kwenye gei.

Sasa asili yake. Neno hili lilitoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwa lugha hiyo fustis ni gongo au rungu. Basi fustigate, kwa asili, ni kumpiga mtu kwa gongo. Angalieni kwamba chombo kimo ndani ya neno. Nasi tunayo mambo kama hayo katika Kiswahili. Kiboko ni mnyama wa mtoni. Kisha jina lake likapewa mjeledi uliokatwa katika ngozi yake. Na leo twasema mtu kachapwa viboko sita, hata kama kilichotumika ni ufito wa mti.

Lakini chombo hakikuwa jambo dogo. Katika sheria za Warumi, zile zilizokusanywa kwa amri ya Kaisari Justinian na kutolewa mwaka 533, twaona kwamba kwa kosa ambalo mtu huru hupigwa gongo, mtumwa hupigwa mjeledi. Kwa hiyo aliyesikia neno la kupiga alijua pia cheo cha aliyepigwa. Wala msidhani mambo hayo yalikwisha na Warumi. Wazee wa Tanganyika walisimulia habari za hamsa ishirini, yaani viboko 25 vya enzi ya Wadachi. Amri ya Wadachi ya mwaka 1896 ilikataza kuwapiga Waarabu na Wahindi, Mwafrika alipigwa. Hapo tena, kiboko kilieleza cheo.

Tuje kwenye matumizi ya siku hizi. Neno fustigate limo katika Kiingereza tangu karne ya 17, lakini leo ni adimu sana. Waingereza wengi hawalijui. Wale wachache walijuao hulitumia kwa njia mbili. Ya kwanza ni mzaha: mwandishi hulitia makusudi neno refu la kale ili msomaji acheke. Ya pili ni kumshutumu mtu kwa maneno makali, bila fimbo yoyote. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wasomao magazeti ya Kifaransa watalitambua pacha lake, fustiger, ambalo huko ni neno la kila siku. Gazeti likiandika hivyo juu ya mbunge na waziri, maana yake ni kwamba mbunge amemlaumu waziri vikali. Hakuna aliyeguswa mwili.

Basi, mzee wetu, utaona hatari iliyopo. Ukiandika kwamba mwanao alikuwa fustigated, mwalimu mkuu huenda asielewe. Au akielewa, huenda akadhani unafanya mzaha, au kwamba mtoto alikaripiwa tu. Ni kama mtu aliyeibiwa akaenda polisi kushitaki, akaanza kwa "Paukwa!" Askari atangojea hadithi.

Barua ya namna hii yataka maneno ambayo hayana mlango wa pili. Kitendo kilicho wazi ni beat, yaani kupiga. Kama fimbo ilikuwa henzirani, tumia cane, kwa maana kwa Kiingereza neno hili ni jina la fimbo hiyo na pia ni kitendo cha kuchapa kwa fimbo hiyo. Kisha utaje siku, chombo, idadi, na mahali pa mwili. Andika hivi: My son was beaten with a stick on Monday. He has three marks on his back. Maana yake: Mwanangu alipigwa kwa fimbo siku ya Jumatatu. Ana alama tatu mgongoni. Sentensi mbili fupi, na hakuna awezaye kuzigeuza.

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hudhani kwamba neno gumu huipa barua heshima. Mara nyingine ni kweli. Lakini mahali ambapo mtu ameumia, heshima ya barua ni kueleweka. Neno fustigate mlitunze madaftarini. Mkilikuta kitabuni, mtalijua. Msilitie katika mashitaka.

Sasa zoezi. Andikeni kwa Kiingereza sentensi hizi tatu, mkitumia beat au cane, na mwandike kwa nini mmechagua neno hilo:

1. Mwizi alipigwa kwa rungu.
2. Mwalimu alimchapa mvulana kwa henzirani.
3. Punda huyu amepigwa sana.

Tutasahihisha pamoja katika somo lijalo. Nawe mzee, tuandikie utujulishe umejibiwa nini. Kwaherini.