Petroli ya Pampu: Jinsi ya Kuitunza Nyumbani Kipindi cha Joto Bila Kuhatarisha Familia

Msimu wa vitunguu umeshika kasi huku bonde la Ruaha, pampu zinanguruma kuanzia asubuhi mpaka jioni, na karibu kila kijana niliyemtembelea wiki hii ana dumu la petroli ndani ya nyumba. Mwingine kaliweka nyuma ya mlango, mwingine chini ya kitanda. Nikiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Afisa, nikiliacha nje litaibwa." Nawaelewa. Na mimi niliwahi kufanya hivyo hivyo, ndiyo maana leo naacha habari za mbolea na viuatilifu tuongelee hili.

Kilichonikuta mimi

Mwaka wangu wa pili kazini nilipanga chumba Ruaha Mbuyuni, nikawa na kishamba changu cha vitunguu, robo eka tu. Nikanunua petroli lita 20, dumu nikalijaza mpaka shingoni, nikaliweka chumbani. Chumba cha bati, hakina dari. Narudi saa nane mchana nakuta dumu limevimba kama tumbo la ng'ombe aliyejaa gesi. Nikalegeza kifuniko ili lipumue. Likapiga mluzi, petroli kidogo ikaruka sakafuni.

Barazani, hatua kama nne kutoka mlangoni kwangu, kulikuwa na jiko la mkaa la jirani. Sikuona mvuke wowote, lakini moto ulitoka kwenye lile jiko ukaja kwangu ukitambaa chini chini. Niliruka nje mkono wa kushoto umeshaungua. Mtu mmoja kwa nia njema akamwaga ndoo ya maji, moto ukaelea juu ya maji ukaenda mpaka kwenye godoro. Mchanga ndio uliotuokoa.

Nilipoteza godoro, nguo na makopo mawili ya mbegu. Hivyo vilirudi. Kinachonikosesha usingizi mpaka leo ni mtoto wa jirani, binti wa miaka saba, ndiye aliyekuwa anapepea lile jiko. Dakika ile alikuwa ameingia ndani kuchukua chumvi.

Kwa nini joto ni tatizo

Petroli yenyewe haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake. Na mvuke huo hutoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake hata usiku wa baridi kali kule Makete petroli bado inatoa mvuke, sembuse chini ya bati la Ruaha Mbuyuni saa nane mchana.

Pili, mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara 3 hadi 4. Haupandi juu kama moshi. Unatulia sakafuni, unapita chini ya mlango, unakwenda kutafuta moto ulipo.

Tatu, petroli hutanuka ikipata joto, karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10. Ukijaza lita 20 alfajiri kwa nyuzi 20, mchana ikafika nyuzi 45, inaongezeka karibu nusu lita. Kama dumu limejaa mpaka shingoni, hiyo nusu lita itakwenda wapi?

1. Weka kiasi unachohitaji tu

Pampu nyingi za inchi 3 hula kama lita 1 hadi 1.5 kwa saa. Ya kwako ipime mwenyewe: jaza tenki, mwagilia saa moja, kisha pima ulichojazia. Tuseme unamwagilia masaa 4 kwa siku, siku 3 kwa wiki. Hayo ni masaa 12, sawa na lita 18 kwa wiki. Sasa pipa la lita 200 ndani ni la nini? Najua wengine mnajaza mkisikia bei mpya za EWURA zitatoka Jumatano ya kwanza ya mwezi. Piga hesabu hiyo nafuu ya shilingi chache, halafu uilinganishe na nyumba.

2. Chombo

Tumia dumu lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya gari, la chuma au la plastiki nene, lenye mpira kwenye kifuniko. Lile dumu la njano la mafuta ya kula ni jembamba, jua linalipasua na kifuniko chake hakibani. Chupa ya maji ya kunywa ndiyo usiguse kabisa, mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Jaza lita 19 kwenye dumu la 20, uache nafasi ya kutanuka. Andika PETROLI na tarehe uliyonunua.

3. Mahali

Isikae ndani ya nyumba mnayolala, wala jikoni. Jenga kibanda kidogo cha matofali chenye kufuli, hatua 15 au zaidi kutoka nyumbani na jikoni, kwenye kivuli. Acha matundu chini karibu na sakafu na mengine juu, kwa sababu mvuke unakaa chini. Usichimbe shimo, mvuke utajikusanya humo. Betri ya sola, inveta na chaja za simu zikae mbali, cheche moja inatosha.

Na hili wengi hawalijui: usiweke petroli stoo moja na mbolea. Mbolea zenye naitreti kama CAN hutoa oksijeni zikipata moto mkali, kwa hiyo zinauongezea moto nguvu.

4. Kujaza na kumimina

- Kituoni, shusha dumu chini ardhini ndipo lijazwe. Likiwa juu ya bodaboda au kwenye keria ya plastiki, umeme tuli unaweza kurusha cheche.
- Zima pampu, subiri dakika 15 ipoe, ndipo uongeze mafuta. Kumimina huku injini inanguruma si ujanja.
- Tumia faneli yenye chujio. Acha kunyonya kwa mpira mdomoni. Petroli ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua.
- Dumu likivimba, usilifungue ndani. Lipeleke kivulini nje, mbali na moto, lipoe kwanza, kisha legeza taratibu.

5. Petroli nayo huchacha

Kwenye joto letu, itumie ndani ya mwezi mmoja. Ikikaa inapoteza ile sehemu nyepesi inayosaidia injini kuwaka, na inaacha utando kama gundi unaoziba kabureta. Ukiona rangi imekolea na harufu imebadilika, usitie kwenye pampu. Mwisho wa msimu funga koki ya mafuta, acha injini iwake mpaka izime yenyewe.

Likitokea la kutokea

Moto wa petroli hauzimwi kwa maji. Weka ndoo mbili za mchanga mkavu karibu na kibanda, na ukiweza nunua kizimamoto cha unga. Moto ukikuzidi, toa watu kwanza, kisha piga 114, Zimamoto. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta, apelekwe kituo cha afya. Aliyekunywa petroli asitapishwe wala kupewa maziwa, awahishwe hospitali.

Na pale lori la mafuta linapopinduka, mkimbie, msilikimbilie. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu 100 walikufa hivyo.

Kibanda nilichokieleza kinakula matofali machache, bati moja na kufuli. Ukikosa vyote hivyo, basi leo jioni anza na kimoja: toa hilo dumu chumbani. Kazi njema shambani.